Alan Turing na Ufunguo wa Maandishi ya Siri

Barua isiyo na bahasha

Tuseme kwamba unaishi Uyole, mjini Mbeya, na mjomba wako anaishi Iringa. Baba yako ameuza magunia ya mahindi. Anataka kumwarifu mjomba wako ni siku gani atasafiri, na ni fedha kiasi gani atakazokuwa nazo. Wewe unaandika habari hizo juu ya karatasi, na bila ya kuitia katika bahasha unampa utingo wa lori liendalo Iringa. Lori linapita Igawa, Makambako, Mafinga na Ifunda. Safari yote ni zaidi ya kilomita 300. Je, ni watu wangapi wanaoweza kuisoma karatasi hiyo kabla haijamfikia mjomba? Na itakuwaje ikiwa mmoja wao ni mwizi?

Ujumbe unaotoka katika kompyuta moja kwenda katika kompyuta nyingine husafiri kwa namna inayofanana na karatasi hiyo. Kwanza hukatwa vipande vidogo vidogo. Kisha kila kipande hupokewa na mtambo mmoja na kupelekwa kwa mwingine, kwa mawimbi ya redio au kwa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Nyuzi za namna hiyo zimetandazwa pia katika Nyanda za Juu Kusini, nazo ni sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ujumbe wa kutoka Mbeya kwenda Iringa huenda ukapitia kwanza Dar es Salaam, au hata nchi ya mbali, ndipo urudi. Mahali popote njiani mtu mwenye vyombo vifaavyo anaweza kuunakili.

Hatuwezi kumweka mlinzi kila mahali njiani. Lakini tunaweza kuugeuza ujumbe wenyewe, hata yeyote atakayeunasa asione maana yoyote ndani yake. Kuugeuza ujumbe hivyo huitwa kusimba. Kuurudisha katika hali yake ya kwanza huitwa kusimbua. Jambo linaloelekeza namna ya kugeuza na kurudisha huitwa ufunguo.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa katika elimu hiyo. Jina lake ni Alan Turing. Yeye alivunja maandishi ya siri ya adui, na pia alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kompyuta ni kitu gani. Unaposoma, jiulize swali hili: kitu kinachoitunza siri ni mtambo, ni ufunguo, au ni mtu anayeushika ufunguo?

Utoto wake

Alan Turing alizaliwa London, Uingereza, tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko India. Kwa sababu hiyo Alan na kaka yake waliishi miaka mingi kwa walezi, wakiwaona wazazi wao mara chache tu.

Mwaka 1926, alipokuwa na umri wa miaka 13, alitakiwa kuanza masomo katika shule ya Sherborne. Siku aliposhuka melini katika bandari ya Southampton, wafanyakazi wa nchi nzima walikuwa wamegoma na magari moshi hayakwenda. Mvulana huyo hakurudi nyuma. Alipanda baiskeli yake, akalala njiani usiku mmoja, akafika shuleni siku ya pili. Alikuwa amesafiri karibu kilomita 100, yaani zaidi ya mwendo wa kutoka Mafinga hadi Iringa.

Shuleni mwandiko wake ulikuwa mbaya, na baadhi ya walimu walimlalamikia. Lakini katika hisabati na sayansi alipenda kufikia jawabu kwa njia yake mwenyewe. Alikuwa na rafiki mmoja aliyependa sayansi kama yeye, jina lake Christopher Morcom. Mwezi wa Februari 1930 Christopher alifariki kwa kifua kikuu, ugonjwa alioupata utotoni kwa kunywa maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Turing alihuzunika sana, akaazimia kuiendeleza kazi ambayo walikuwa wametumaini kuifanya pamoja. Mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati.

Mashine iliyokuwa mawazoni

Mwaka 1936 Turing aliandika makala iliyokuja kuwa mashuhuri. Katika siku hizo mashine ya kujumlisha ilijumlisha tu, na mashine ya kupiga chapa ilipiga chapa tu. Turing alifikiria mashine ya namna nyingine. Ilikuwa na utepe mrefu uliogawanywa katika vyumba, kama vyumba vya daftari la hesabu. Mashine husoma alama iliyo katika chumba kimoja, huifuta au kuandika nyingine, kisha husogea chumba kimoja kulia au kushoto. Kila hatua hufuata maagizo.

Turing alionyesha kwamba mashine moja ya aina hiyo inaweza kufanya kazi ya mashine nyingine zote, mradi maagizo yake yaandikwe juu ya utepe. Ukibadilisha maagizo, kazi nayo hubadilika. Mashine hiyo haikuundwa kwa chuma. Ilikuwa mawazoni na katika hesabu. Lakini kompyuta za leo, pamoja na simu za mkononi, zinafuata wazo hilo hilo. Kutoka mwaka huo hadi 1938 Turing alisoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Princeton, akapata shahada ya udaktari. Huko ndiko alikoanza pia kuchunguza namna ya kusimba ujumbe kwa mashine.

Jaribio la kwanza: Simba ujumbe wako

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili ili uielewe kazi ya Turing.

Chukua karatasi. Andika herufi za Kiswahili katika mstari mmoja, ukiacha Q na X:

A B C D E F G H I J K L M N O P R S T U V W Y Z

Zipo herufi 24. Sasa chagua ufunguo, tuseme 3. Kila herufi ya ujumbe wako iweke ile iliyo hatua tatu mbele yake. A inakuwa D, B inakuwa E, na kadhalika. Ukifika mwisho wa mstari, anza tena mwanzo, hivyo Z inakuwa C. Ujumbe NJOO IRINGA utakuwa RMSS LULRJD. Mjomba wako akiujua ufunguo, atarudi nyuma hatua tatu kwa kila herufi, naye ataupata ujumbe. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, alitumia njia kama hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Je, fumbo hili ni imara? La. Mwizi anaweza kujaribu funguo zote, kwa kuwa ni 23 tu. Tena, lugha yetu yenyewe inamsaidia. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na herufi A hutokea mara nyingi kuliko nyingine. Kwa hiyo mwizi akitazama herufi za mwisho wa maneno, atajua kwamba zinasimama mahali pa A, E, I, O au U. Katika mfano wetu, neno la pili linaishia kwa D. Akikisia kwamba D ni A, mara moja ameupata ufunguo.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, funguo zikiwa chache, fumbo ni dhaifu. Pili, hata funguo zikiwa nyingi, fumbo huvunjika likiacha alama za lugha zionekane.

Mtambo wa Enigma

Tarehe 1 Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yalivamia Polandi, na Vita Kuu ya Pili ikaanza. Siku chache baadaye Turing aliripoti kazini Bletchley Park, nyumba kubwa iliyo kaskazini ya London, ambako Waingereza walijaribu kuvunja maandishi ya siri ya Wajerumani.

Wajerumani walitumia mtambo ulioitwa Enigma. Ulifanana na mashine ya kupiga chapa. Mtu alipobonyeza herufi, umeme ulipita katika nyaya na katika magurudumu matatu yenye njia za umeme zilizopindwapindwa, ukarudi kwa njia nyingine, kisha taa ndogo ikawaka chini ya herufi tofauti. Kila mara herufi ilipobonyezwa, gurudumu moja au zaidi liligeuka. Kwa hiyo A ya kwanza ingeweza kuwa K, na A iliyofuata ikawa R. Alama za lugha, kama zile ulizoziona katika jaribio lako, zilifichika.

Ufunguo ulikuwa ni namna ya kuupanga mtambo: magurudumu gani yatumike na kwa utaratibu gani, yaanzie wapi, na nyaya za mbele zichomekwe wapi. Mipango iliyowezekana ilikuwa mingi hata namba yake ina tarakimu 21. Ufunguo ulibadilishwa kila siku. Wajerumani waliamini kwamba adui, hata akiuteka mtambo mzima, hangeweza kusoma chochote bila ya ufunguo wa siku hiyo.

Lakini watu walikwisha kuanza kuivunja Enigma kabla ya Turing. Wanahisabati watatu wa Polandi, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wameifanyia kazi tangu mwaka 1932. Mwezi wa Julai 1939, vita vikikaribia, Wapolandi waliwapa Waingereza na Wafaransa maarifa yao yote. Nchi yao iliposhindwa, watu wengi wa Polandi walitawanyika duniani. Baadhi ya wakimbizi hao, wengi wao wanawake na watoto, walifika Tanganyika mwaka 1942, wakakaa katika kambi za Tengeru, Kidugala na pale pale Ifunda, mahali ambapo lori la barua yako limepita.

Turing alianza kazi yake juu ya msingi wa Wapolandi. Yeye aligundua njia ya kutumia udhaifu wa Enigma. Kwa sababu ya namna mtambo ulivyoundwa, herufi haikuweza kamwe kusimbwa kuwa herufi hiyo hiyo. A haikuwa A, wala M haikuwa M. Tena, Wajerumani walirudia maneno yale yale siku baada ya siku, hasa katika taarifa za hali ya hewa.

Jaribio la pili: Mahali pa neno

Tuseme umenasa herufi hizi: T M K U R A B. Unakisia kwamba ndani yake kuna neno MVUA. Liandike neno hilo chini ya herufi ulizonasa, ukianzia herufi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Popote ambapo herufi moja inasimama chini ya herufi iliyo sawa nayo, mahali hapo hapawezekani.

Ukianzia M, herufi ya pili, M iko chini ya M, futa. Ukianzia K, herufi ya tatu, A iko chini ya A, futa. Sasa mahali palipobaki ni pawili tu, kwenye T na kwenye U. Umepunguza kazi kwa nusu bila ya kuujua ufunguo.

Kwa kutumia makisio ya namna hiyo Turing alibuni mtambo mkubwa wa umeme ulioitwa bombe. Mwanahisabati mwenzake, Gordon Welchman, aliuboresha. Mtambo huo ulijaribu mipango ya Enigma mmoja baada ya mwingine kwa haraka, ukiiacha yote iliyopingana na makisio. Wa kwanza ulianza kazi mwaka 1940, na vita vilipokwisha ilikuwapo zaidi ya 200. Maelfu ya watu walifanya kazi Bletchley Park, na wengi wao walikuwa wanawake.

Siri na uhai wa watu

Turing aliongoza kundi lililoshughulikia ujumbe wa manowari za Ujerumani. Nyambizi zilikuwa zikizamisha meli zilizochukua chakula na askari katika Bahari ya Atlantiki. Ujumbe wa nyambizi uliposomwa, meli ziliweza kuonywa zibadili njia. Mwezi wa Februari 1942 Wajerumani waliongeza gurudumu la nne katika Enigma ya nyambizi. Funguo zikaongezeka sana, na kwa muda wa karibu miezi 10 Bletchley Park haikuweza kuusoma ujumbe huo. Mlango ulifunguka tena mwishoni mwa mwaka, baada ya mabaharia wa Uingereza kuchukua vitabu vya siri kutoka katika nyambizi iliyokuwa ikizama. Wawili kati yao walizama nayo.

Usidhani kwamba mambo hayo yalikuwa mbali nasi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo, Waingereza walikihamishia Mombasa kituo chao cha kusikiliza ujumbe wa Wajapani. Wavunja siri waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, karibu na bahari. Humo walivunja mfumo wa siri wa meli za mizigo za Japani. Turing mwenyewe hakufika Mombasa, lakini kazi iliyofanyika huko ilikuwa ya namna moja na kazi yake.

Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na hatari zake. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Watu karibu 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Kumbuka jambo hili unaposoma habari za maandishi ya siri. Mstari mmoja unaotaja njia ya meli huweza kubeba uhai wa watu mia kadhaa.

Maisha ya Turing baada ya vita

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Turing alichora mpango wa kompyuta ya kweli, ile iliyokuwa mawazoni mwake tangu mwaka 1936. Baadaye alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1950 aliandika makala juu ya swali la kama mashine inaweza kufikiri. Mwaka 1952 alieleza kwa hisabati jinsi mabaka na milia ya wanyama inavyoweza kutokea.

Hata hivyo, watu wa nchi yake hawakujua aliyoyatenda vitani. Wafanyakazi wote wa Bletchley Park walikuwa wameapa kutunza siri, na hadi miaka ya 1970 habari hizo hazikutangazwa. Mwaka 1952 Turing alishtakiwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamume mwingine, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati ule ililihesabu kuwa kosa. Alihukumiwa kutiwa dawa mwilini, na ruhusa yake ya kufanya kazi za siri iliondolewa. Hakuweza kujitetea kwa kutaja utumishi wake, maana ulikuwa siri. Alifariki kwa sumu tarehe 7 Juni 1954, kabla hajatimiza miaka 42. Mwaka 2009 serikali ya Uingereza iliomba radhi kwa jinsi alivyotendewa, na mwaka 2013 alipewa msamaha.

Turing hakuishi hadi kuona kompyuta zikiunganishwa kwa mtandao. Lakini mambo mawili aliyoyajua vizuri, yaani mashine inayofuata maagizo na elimu ya maandishi ya siri, yamekutana katika kila kompyuta iliyo katika mtandao.

Namna kompyuta inavyosimba ujumbe

Kompyuta huweka kila herufi kama safu ya tarakimu 0 na 1. Herufi M, kwa mfano, ni 01001101. Ufunguo nao ni safu ya 0 na 1. Sasa tumia kanuni hii: tarakimu mbili zikiwa sawa, andika 0, zikiwa tofauti, andika 1.

Ujumbe: 01001101
Ufunguo: 10011100
Fumbo: 11010001

Chukua fumbo hilo, uliweke juu ya ufunguo ule ule, kisha fuata kanuni ile ile. Utaipata M tena. Mtu asiye na ufunguo ataona 11010001 tu, naye hawezi kujua ilikuwa herufi gani.

Kompyuta haziishii katika hatua hiyo moja. Huchanganya, hubadilisha na kuhamisha tarakimu mara nyingi. Njia moja inayotumika sana ulimwenguni ilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikakubaliwa rasmi Marekani mwaka 2001. Njia hiyo imechapishwa, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Haifichwi, kwa sababu wataalamu wamekwisha kujifunza kwamba siri inayotegemea kuficha mtambo haidumu. Kinachofichwa ni ufunguo peke yake. Ufunguo wake mfupi kabisa ni safu ya tarakimu 128 za 0 na 1, na funguo zinazowezekana ni nyingi hata namba yake ina tarakimu 39. Kuzijaribu zote hakuwezekani kwa kompyuta zilizopo.

Kufuli lililo wazi

Huenda umekwisha kujiuliza: kompyuta ya Mbeya itaipelekaje Iringa ufunguo huo? Ukipelekwa wazi kwa njia ile ile ya mtandao, mwizi atauona. Wajerumani walilazimika kuwagawia mabaharia vitabu vya funguo, na vitabu hivyo vilitekwa.

Jawabu lilipatikana miaka ya 1970. Fikiri kwamba mjomba wako ana kufuli na ufunguo wake. Ufunguo anabaki nao Iringa. Kufuli, likiwa wazi, analituma Mbeya. Wewe unatia barua yako katika sanduku, unalifunga kwa kufuli hilo, na kulirudisha. Njiani kila mtu anaweza kulishika sanduku. Mtu yeyote anaweza kufunga kufuli la namna hiyo, lakini mwenye kulifungua ni mjomba peke yake. Hata wewe uliyelifunga huwezi.

Kompyuta hutengeneza kufuli hilo kwa hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu kurudi nyuma. Zidisha namba tasa hizi mbili: 37 na 53. Utapata 1961, namba unayoikumbuka kwa kuwa ni mwaka wa Uhuru wa Tanganyika. Ilikuwa kazi rahisi. Sasa mpe mwenzako namba 1961 tu, umwombe atafute namba mbili zilizozidishwa. Atatumia muda mrefu kuliko wewe. Katika kompyuta, namba hizo huwa na tarakimu mia kadhaa, na kazi ya kurudi nyuma huwashinda wote. Kwa kufuli la namna hiyo kompyuta mbili hukubaliana juu ya ufunguo, kisha huutumia kusimba ujumbe wote unaofuata.

Lakini angalia: tapeli akiwa njiani anaweza kutuma kufuli lake mwenyewe, akisema kwamba ni la mjomba. Kwa hiyo kompyuta hudai kwanza hati inayothibitisha mwenye kufuli, hati iliyotiwa sahihi na taasisi inayoaminiwa.

Ulinzi huu unaishia wapi?

Sasa tulijibu swali la mwanzo. Enigma ilikuwa na funguo nyingi kupita hesabu ya kawaida. Kwa nini ilivunjwa? Ilivunjwa kwa sababu mtambo ulikuwa na udhaifu mmoja, na kwa sababu watu waliutumia kwa mazoea na kupoteza vitabu vyake. Turing hakuzijaribu funguo zote. Alitafuta mahali ambapo watu waliacha mlango wazi.

Ndivyo ilivyo leo. Usimbaji huulinda ujumbe njiani. Hauulindi kabla haujasimbwa, wala baada ya kusimbuliwa. Pia, kwa kawaida hauwezi kuficha kwamba Mbeya na Iringa zimewasiliana. Mwizi wa leo anajua kwamba hawezi kuvunja fumbo la tarakimu 128. Basi haendi kwenye nyuzi za mkongo. Anampigia simu mama yako, anajifanya mtumishi wa benki, na kumwomba namba yake ya siri. Akipewa, hesabu zote ulizosoma hapa hazifai kitu.

Kwa hiyo usimwambie mtu namba yako ya siri, hata akiwa rafiki. Usiiandike nyuma ya simu, wala usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Wafundishe jambo hili pia wazee wako nyumbani. Mtambo unaweza kutunza siri kutoka Uyole hadi Iringa, lakini katika miisho miwili ya safari hiyo mlinzi ni mtu.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kusimba na kusimbua.
2. Kwa nini fumbo la kusogeza herufi ni rahisi kuvunjwa katika lugha ya Kiswahili?
3. Kwa kutumia ufunguo 3, simbua neno hili: PEHBD.
4. Simbua ujumbe huu, ambao ufunguo wake haukutajwa: SFMNTIN DFSJKNPF. Eleza njia uliyoitumia.
5. Ni udhaifu gani wa Enigma uliomsaidia Turing?
6. Tumia kanuni ya 0 na 1 kusimba safu 01000001 kwa ufunguo 10011100. Kisha isimbue, uone kama umerudi mahali pa kwanza.
7. Njia ya kusimba imechapishwa na kila mtu anaweza kuisoma. Kwa nini ujumbe bado ni salama?
8. Waulize watu wa nyumbani kwenu wanavyotunza namba zao za siri. Jadilianeni darasani ni njia zipi zilizo salama na zipi zilizo za hatari. Msitaje namba zenyewe.